Dada ananitumia kama ushuhuda wa dawa yake

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku huu mume wangu akiwa amelala. Ndani ya droo ya meza hii kuna pakiti ya tatu ya unga wa mitishamba anaouuza dada yangu, sijaifungua. Jumapili anakuja, na swali lake la kwanza litakuwa kama nimeimaliza.

Nina miaka 29. Tangu nivunje ungo siku zangu hazijawahi kushika njia. Mwanzoni kila mtu alisema ni kawaida, zitakaa sawa zenyewe. Hazikukaa. Zilikuja baada ya siku 50, baada ya siku 70, mara moja karibu miezi minne, na kusema kweli nikiwa shule nilijiona mwenye bahati kuliko wenzangu. Ndevu zilianza nikiwa na miaka 17: nywele tatu chini ya kidevu, fupi na ngumu. Nikazizoea kama watu wanavyozoea mswaki. Asubuhi, kioo, kibano.

Kilichoniumiza zaidi ni shingo. Nyuma ya shingo ngozi yangu ni nyeusi na nene, ukiipapasa ni kama mahameli. Mama alikuwa akinisugua kwa dodoki mpaka panawaka moto, huku akisema, "Msichana mzima hujui kuosha shingo!" Nikajifunza kuvaa kola na kuachia nywele. Miaka mingi baadaye daktari aliigusa ngozi hiyo kwa kidole kimoja, akaniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mwenye kisukari. Nilimshangaa.

Aliyenipiga ultrasaundi alikuwa amesema tu, "Ovari zako zina vifuko vingi," akanipa karatasi ya kufutia tumbo, akamwita anayefuata. Nilirudi nyumbani nikiamini nina uvimbe. Nililia wiki nzima. Daktari ndiye aliyenifafanulia kwamba si uvimbe. Ni vifuko vya mayai, vidogo sana, milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikakwama kabla yai halijapevuka. Jina lenyewe, PCOS, yaani hali ya ovari zenye vifuko vingi, alisema linapotosha watu wengi. Tena picha peke yake haikupi jibu: tangu 2003 madaktari wanatafuta mambo mawili kati ya matatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Alinipima kwanza tezi ya thairoidi na homoni ya maziwa kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Kisha nikanyweshwa maji ya glukosi, gramu 75, matamu mpaka meno yanauma, nikakaa kwenye benchi saa mbili nikapimwa damu. Sukari ilikuwa juu, ingawa haijafika kisukari.

Hapo ndipo shingo yangu ikaeleweka. Mwili wangu hauisikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo kongosho linamwaga nyingi zaidi, na hiyo ya ziada inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume. Ndevu, chunusi, hedhi iliyopotea, shingo nyeusi: kumbe vyote ni ndugu wa tumbo moja. Nilitamani mama angekuwa hai nimweleze kwamba nilikuwa naoga.

Daktari alinipa metformini, dawa inayousaidia mwili uisikie insulini. Akanipa pia vidonge vya homoni vya siku 10, nivimeze kila siku 90 zinapopita bila kuona damu, kwa sababu ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukijijenga bila kumwagika unazidi kunenepa, na hali hiyo ikiachwa kwa miaka inaweza kuishia kwenye saratani. Hilo la siku 90 naomba ulikumbuke, Shangazi.

Metformini ilinishinda. Wiki tatu tumbo linanguruma, siwezi kumaliza kikao kazini bila kutoka mbio. Nikaacha. Sikurudi kwa daktari kumwambia. Nilijipa moyo kwamba mimi ni mtu wa njia za asili, sitaki kemikali. Leo najicheka, maana nimekuja kusoma kwamba dawa hiyo chimbuko lake ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeanza kuitumia metformini kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Nimesoma pia kwamba kuna vidonge vyake vinavyoyeyuka polepole, ambavyo vinalihurumia tumbo, na kwamba wengi huanza na dozi ndogo pamoja na chakula. Ningeyajua hayo yote kama ningerudi kulalamika.

Lakini hizo njia za asili sikuzifanyia mchezo. Nilinunua daftari dogo la jalada la bluu, nikachora mistari: tarehe, uzito, dakika za kutembea, saa za kulala, na duara jekundu siku ya damu. Mwanzoni niliacha wanga wote kwa pupa. Siku ya kumi na moja mume wangu alinikuta saa saba usiku nimesimama jikoni gizani, nakula mkate mkavu kwa mikono miwili. Hakusema kitu, akaniwashia taa. Baada ya hapo nikaenda taratibu. Sukari kwenye chai niliipunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ikaisha. Nusu ya sahani nikaijaza mboga, wanga ukabaki ila mdogo na usiokobolewa, na kila mlo ukawa na kitu cha kunishibisha, maharage, samaki au mayai. Nilihangaika sana kutafuta mlo maalumu wa PCOS. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine. Nililala vizuri siku niliyosoma hilo.

Nikatembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Siku mbili nyingine nilinyanyua madumu ya maji chumbani, maana misuli ikifanya kazi inanyonya sukari kutoka kwenye damu. Kulala nikakuheshimu. Nilianza na kilo 84, na baada ya miezi saba nikawa na 79. Ni kidogo, hata jirani hakuona. Lakini daktari alikuwa ameniambia kwamba kwa mwenye uzito uliozidi, kushuka asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kuamsha ovari, na ndivyo daftari linavyoonyesha: siku 71, kisha 52, kisha 38. Siku ya lile duara la tatu nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikahesabu kwa vidole mara mbili, nikidhani nimekosea.

Vya majani na viungo pia nilijaribu. Chai ya mnanaa vikombe viwili kwa siku, kwa miezi miwili. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha inapunguza homoni za kiume kwenye damu. Mimi niliipenda ladha, kidevu hakikuonyesha dalili yoyote, ingawa nasikia nywele huchukua miezi sita na zaidi kabla hujaona tofauti. Mdalasini nilikuwa naweka kwenye kila kitu mpaka niliposoma kwamba ule wa aina ya kasia una kumarini, na ukizidisha unaweza kuumiza ini. Nikapunguza. Inositoli, kirutubisho kinachouzwa kwa wenye PCOS, sijaigusa, ushahidi wake bado mdogo. Ndevu zipo. Shingo imefifia kidogo, au labda nataka kuamini hivyo.

Sasa nije kwa dada.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Mama alipofariki ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyesimama mbele ya watu siku ya ndoa yangu. Mwaka jana aliacha kazi akaanza kuuza unga wa mitishamba wa "kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi". Pakiti haina orodha ya kilichomo, ina picha ya ua tu. Nikimuuliza anasema ni mizizi, asili tupu. Aliniletea pakiti ya kwanza siku mbili baada ya lile duara la siku 38. Nilikuwa nimempigia simu kwa furaha kumwambia. Akasema, "Sasa malizia na hii, tupate mtoto." Nimeolewa miaka mitatu, Shangazi, huhitaji nikueleze maneno hayo yanagonga wapi. Nikanywa.

Nilimaliza pakiti mbili. Damu haikuja siku ya 40, wala ya 60. Ilipofika 90 nilitaka kumeza vile vidonge vya homoni. Dada akanikataza, eti vitapigana na dawa. Nikamtii. Siku ya 97 ikaja, na haikukatika kwa siku 17. Mabonge, kizunguzungu, shuka nikilifua alfajiri mtu asione. Dada alifurahi kweli kweli. "Uchafu unatoka," akasema. "Umekaa na uchafu ule miaka yote hiyo!" Mimi nilikuwa nakumbuka maneno ya daktari kuhusu ukuta unaonenepa. Damu imekatika wiki iliyopita, na bado sijaenda kupimwa. Naona haya kumwambia daktari kwamba nimeacha dawa yake miezi yote hiyo nikanywa kitu nisichokijua jina.

Hayo ningeyabeba. Kisichonipa usingizi ni hiki. Dada anawaambia wateja wake kwamba siku zangu zilirudi kwa unga wake. Anawasomea namba zangu, 71, 52, 38, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, nami ndiye niliyempa. Lakini pakiti ya kwanza iliingia nyumbani kwangu baada ya namba ya mwisho! Daftari lina tarehe. Kilichozirudisha ni viatu vya kutembelea na kijiko cha sukari, na baada ya unga wake ikaja 97, ambayo hamsomei mtu.

Mwezi uliopita, siku chache kabla damu haijaanza, alikuwa hapa sebuleni simu yake ikaita. Akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya msichana, akasema ana miaka 19, amepimwa ameambiwa ana PCOS. "Dada, ni kweli siku zako zimerudi kwa unga huu?" Dada yangu alikuwa ameketi mbele yangu, mikono magotini, ananitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama nayo siku ya ndoa. Nikasema ndiyo. Yule msichana akauliza tena, "Kwa hiyo vidonge vya hospitali niviache?" Nikamrudishia dada simu. Nikaenda jikoni nikafungua bomba, nisisikie atajibiwa nini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wana hali hii, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Wateja wa dada hawataisha. Naye hana nia mbaya, hilo nakuapia. Anaamini. Angekuwa tapeli ningejua pa kuanzia.

Shangazi, namwambiaje mtu aliyenilea kwamba anachouza hakikunisaidia, na huenda kimenidhuru? Nikimfungulia daftari atahisi namfanyia hesabu. Nikimwambia nimeacha kwa sababu ya mume, nitakuwa nimemtupia lawama mtu aliyeniwashia taa. Nimewaza nimwombe twende wote kwa daktari na pakiti mkononi, aulize mwenyewe kilichomo kingefanya nini kama mimba ingekuwa imeshika bila mimi kujua. Sijui kama ataona namheshimu au namdhalilisha.

Na wewe unaonaje, daktari nimweleze yote tangu zile wiki tatu za metformini, au nianze na hizi siku 17 tu? Mume wangu anasema nimweleze yote na nimpelekee daftari, kwamba siachi kutembea wala kula ninavyokula hata nikirudishiwa vidonge, vyote vinaweza kwenda pamoja. Amelisema hilo mara moja tu, halirudii, na kila nikipita naona ameniwekea viatu mlangoni.

Namba ya yule msichana ninayo. Niliinakili kutoka kwenye simu ya dada alipokwenda kunawa, nikaiandika nyuma ya daftari bila jina. Nimeshaipiga mara mbili nikakata kabla haijaita.

Najua barua hii inaweza kukufikia Jumapili ikiwa imeshapita. Kama ni hivyo, ya dada tutajua wenyewe tulivyoyamaliza. Nijibu tu kuhusu huyo msichana: nianzie wapi?

Mwenye Daftari