Tuachiwe mchezo wa matunda bila nyundo za kununua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, lakini mimi siwezi tena kulinyamazia: mchezo wa kielektroniki wa kuunganisha matunda, na jinsi unavyoharibiwa na watengenezaji wanaomuuzia mchezaji msaada, kama nyundo ya kuvunja tunda linalomzuia, pale tu anapokwama.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ni sanduku lililo wazi juu, ambamo unadondosha tunda moja baada ya jingine. Matunda mawili ya aina moja yakigusana huungana na kuwa tunda moja la aina inayofuata kwa ukubwa: cheri mbili huwa stroberi, stroberi mbili huwa zabibu, na ngazi hupanda hivyo, kupitia tufaha, pichi na nanasi, hadi tikiti maji, ambalo ni la 11 na la mwisho. Matikiti maji mawili yakikutana hutoweka yote na kuacha nafasi tupu. Matunda yakijaa hadi kupita mstari wa juu, mchezo umekwisha. Hakuna saa inayomkimbiza mtu, wala adui anayemfuata. Kuna sanduku, na kuna maamuzi yako mwenyewe.

Uliopata umaarufu mkubwa ni Suika Game wa Japani. Suika kwa Kijapani ni tikiti maji. Kampuni ambayo sasa inaitwa Aladdin X iliutengeneza kwanza kwa ajili ya projekta zake za nyumbani, kisha Desemba 2021 ukaingia kwenye Nintendo Switch, kifaa cha kuchezea michezo ya video, ukakaa kimya hadi Septemba 2023, pale watu wanaorusha michezo mubashara mtandaoni walipoanza kuucheza mbele ya watazamaji wao. Nao haukuzuka hewani, kwa kuwa mapema mwaka 2021 China ilikuwa na mchezo wake wa kuunganisha matunda uliochezwa kwenye kivinjari. Hata kabla ya hapo, mwaka 2014, kijana Mwitaliano Gabriele Cirulli alikwisha kutoa 2048, mchezo wa kuunganisha namba, akauacha bure kwa kila mtu. Nayasema haya ili nisieleweke vibaya: sigombi na wanaoiga. Michezo hurithiana, na kuiga peke yake si kosa.

Ninachokipinga ni kile kinachoongezwa.

Uzuri wote wa mchezo huu umo katika ukweli kwamba kosa hubaki pale ulipoliweka. Hebu tupige hesabu kidogo. Kwa kuwa kila tunda huhitaji mawili ya aina iliyo chini yake, tikiti maji moja lina thamani ya cheri 1,024. Katika mchezo wenyewe, matunda yanayodondoshwa ni ya aina tano za mwanzo tu. Basi hata bahati ingekupa tunda la tano kila mara, bado ungehitaji kudondosha mara 64 ndipo ulione tikiti maji la kwanza. Katika safari ndefu namna hiyo, cheri moja iliyoteleza ikajificha chini ya pichi mbili haiwezi kupuuzwa. Itakaa hapo, na itakubidi upange upya kila kitu juu yake: usogeze makubwa upande mmoja, uyaache madogo yashuke upande wa pili, usubiri tunda linalobingirika litulie kabla ya kudondosha jingine. Mtu aliyezoea kuharakisha hujifunza hapo kusubiri, na hujifunza bila kuhubiriwa.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikicheza toleo moja la bure kwenye simu. Nilikuwa na mananasi mawili, moja kila upande wa sanduku, na kati yao cheri moja tu, nyekundu, ndogo kuliko ncha ya kidole changu. Nilikuwa nimeshaona njia: zabibu moja idondoke kushoto, nanasi lisukumwe kidogo, cheri ipenye chini. Kabla sijaidondosha, kioo kikawa cheusi, likaja tangazo, na lilipokwisha kikatokea kitufe kikiniuliza kama ninataka nyundo ya kuivunja ile cheri; nitazame tangazo jingine au nilipe. Nilikibonyeza. Cheri ikapasuka, mananasi yakaungana, tikiti likatokea, nami sikuhisi chochote. Kazi niliyokuwa nimeipanga kwa karibu nusu saa ilikuwa imefanywa na mtu mwingine, tena nikiwa nimemlipa kwa muda wangu.

Ninafahamu kwamba watengenezaji wanapaswa kula, na tangazo baada ya mchezo kumalizika halinisumbui hata kidogo. Lakini tangazo linaloingia katikati ya mpango humnyang'anya mchezaji kile kile alichokifuata, na nyundo inayouzwa humfundisha, hasa akiwa mtoto, kwamba kila mkwamo una bei na si kazi yake kuutatua. Toleo la kwanza la Switch lililipiwa mara moja, halikuuza nyundo, na bado lilipendwa na watu wengi sana. Hivyo haiwezekani kudai kwamba mchezo huu hauuziki bila vitu hivyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa teknolojia unapoueleza au kuusifu mchezo wowote wa aina hii, uwaambie wasomaji waziwazi kama matangazo huingia katikati ya mchezo au mwishoni, na kama msaada unauzwa ndani yake. Kwa watengenezaji watakaobahatika kuisoma barua hii, ninaomba angalau pawe na chaguo la kuzima nyundo zote, na alama za waliocheza bila msaada ziorodheshwe peke yake, ili anayefikisha tikiti maji lake kwa kupanga asiwekwe mstari mmoja na aliyelinunua.

Wako,
Msomaji na mchezaji wa muda mrefu