Hadija, nipigie picha ule msahafu

Bombo, Jumapili usiku

Dada Hadija,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, ila goti la mama tu, na umeme ambao umekatika tangu magharibi. Kimya chako najua ni cha shughuli, sikulaumu. Mimi nina shida na babu.

Siyo aliyetulea, wa nyuma yake, Rehani. Mdogo wangu anaomba pasipoti, karani akamwambia sisi Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani, "mlikuja tu", alete ushahidi wa familia kabla ya 1926. Mdogo wangu akamjibu vizuri kwamba Katiba ya 1995 inawataja Wanubi kati ya jamii zilizokuwa Uganda tarehe 1 Februari 1926. Karani akasema sawa, jamii ipo, wewe je? Basi nyumba nzima tukafungua masanduku.

Sasa sikia. Marehemu bibi alikuwa akisema Rehani alitoka Kavalli, kule Ziwa Albert, na watu wa Salim Bey, yule afisa wa askari wa Kisudani, Lugard Mwingereza alipowachukua 1891 akawagawa kwenye ngome za Toro, magharibi ya Uganda. Bunduki begani, masharubu, kila kitu. Baba mdogo ana karatasi iliyonakiliwa kutoka nyuma ya msahafu wa familia: Rehani kazaliwa 1909. Halafu kuna cheti chake cha kuachishwa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza: kaandikishwa Bombo 1914, kazaliwa Toro. Ukizijumlisha zote, babu alibeba bunduki kabla hajazaliwa, kisha akavaa sare ya Mwingereza akiwa na miaka mitano. Mama alicheka mpaka akasahau goti.

Nimeikagua ile karatasi kwa tochi ya simu. Mwandiko safi, wino wa bluu, ila kwenye mwaka kalamu imerudiwa. Ile tisa ya kwanza imekandamizwa juu ya tatu. 1309, Hadija! Wazee wale wangeandika mwaka wa kizungu kwenye msahafu? Hiyo ni Hijria, na 1309 ilianza Agosti 1891 ikaisha katikati ya 1892. Aliyenakili, Mungu amrehemu, aliona haiwezekani, akamsogeza babu mbele miaka mia sita.

Kwa hiyo mtoto kazaliwa Toro wakati watu wa Kavalli ndio wanafika, na 1914 ni kijana wa ishirini na kitu, saizi ya jeshi. Mwenye masharubu atakuwa babu yake. Majina yetu unayajua, Rehani anamzaa Murjan, Murjan anamzaa Rehani, bibi akawafanya mtu mmoja. Na ule ubishi wa maasi ya askari wa Kisudani ya 1897, kama babu yetu alikuwa ndani ya ngome ya Luba na waasi au nje na Wazungu? Alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Baba mdogo kakasirika kweli. Anasema afadhali babu muasi kuliko babu mtoto.

Lakini karani hatapokea karatasi yenye kalamu juu ya kalamu, na msahafu wenyewe uko huko kwenu Kibera, Makina, shangazi Zena aliondoka nao alipoolewa. Nenda, dada. Peleka sukari, usianze na habari za pasipoti, ataogopa tunataka kumnyang'anya. Piga picha ukurasa wote, siyo ule mstari tu.

Maana kuna jambo linanikera. Cheti hakimtaji mama yake Rehani, bibi hakumtaja, karatasi haimtaji. Mwanamke katembea na mimba kutoka Kavalli, au alikuwa wa Toro hapohapo, na kama ni wa Toro basi huyo karani... ngoja kwanza.

Jina lake limeandikwa? Mwaka uko kwa tarakimu za Kiarabu, na tatu inasomeka? Kuna watoto wengine chini yake? Shangazi anakumbuka nani aliandika? Na yule kijana wa Jinja, mmeelewana au bado anakuzungusha? Unakuja Idi?

Nijibu kabla ya Ijumaa, mdogo wangu anarudi ofisini Jumatatu.

Wako,
Ramla