Mama ameanza ile ya kuku tena

Kisumu, Jumapili jioni

Wambui wangu,

Salamu nyingi, zile za "buheri wa afya" ujazie mwenyewe. Najua nimenyamaza tangu matanga ya Molo, lakini usininunie. Nina shida, na shida yenyewe ni vitabu.

Ile Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, aliyorudi nayo Ochieng amempa Mama. Unajua tangu macho yaanze kumsumbua hata gazeti alikuwa akisomewa. Juzi nikamwonyesha jinsi ya kukuza herufi. Akazikuza mpaka zikawa kama za ubaoni, maneno manne kwa mstari, akavua miwani na kuitia kwenye kikapu cha nyuzi. Mpaka leo hajaiulizia.

Sasa kazi ni kumlisha. Kwanza nilijitia ujanja: kijana wa saiba hapa Kondele akaniuzia flashi ya "vitabu elfu tano" kwa mia tatu. Nilijiona tajiri! Kufika nyumbani, karibu vyote ni PDF, kurasa zilizopigwa picha zikalala upande. Herufi kama siafu, na ukizikuza mstari unatoka nje ya skrini, uusukume huku na huku kama mkokoteni matopeni. Tena vingine ni vya waandishi wetu walio hai, wanaongoja senti zao. Niliona haya, nikafuta.

Vya halali vipo, tena bure. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni aliyoianzisha Michael Hart kule Marekani mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi hakimiliki yake imekwisha kwa sheria za huko. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 1, kwa hiyo bando si kisingizio. Nikapakua faili za EPUB, zile ambazo mistari hujipanga upya ukikuza herufi, nikazinakili kwa waya, Kindle kimya. Ujinga wangu: kumbe hutumwa kwa baruapepe ya Kindle yenyewe, zigeuzwe huko kwanza.

Lakini nilivyopakua vyote Kiingereza. Mama akasema, "Kiingereza nilikisoma kwa ajili ya mshahara. Nimestaafu." Ungemjibu nini?

African Storybook imeniokoa kidogo, hadithi za bure za Kiswahili, ila ni za watoto. Jana nimemkuta akimsomea Junior moja ya kuku, huku anasahihisha ngeli. Dakika tatu, kwisha. Akanitazama: "Sasa nipe ya watu wazima."

Kununua siogopi, mradi nijue kabla ya kutuma pesa kama ni EPUB au PDF tena.

Shemeji yako bado anauza vitabu pale sokoni? Hawezi kuwauliza wachapishaji kuhusu riwaya za Kiswahili za EPUB? Na ukipita maktaba ya hapo Nakuru, utaniulizia kama wanaazimisha za kielektroniki? Kompyuta ya Kim ilipona? Kama ilipona, aweke programu ya Calibre, ni ya bure na hugeuza faili. Halafu Mwangi alishalipa pesa za chama, ama bado anatuzungusha?

Jibu upesi. Mama yuko kwenye ile ya kuku mara ya nne.

Wako,
Akinyi