Barua ya wazi kwa Shangazi anayekwenda Geiranger

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimefurahi kusikia kwamba wanao wamekukatia tiketi ya meli ya kitalii itakayoondoka Hamburg mwezi Juni kwenda Norwei, na kwamba siku moja mtaingia Geirangerfjord. Ratiba yenu inataja saa ya kutia nanga tu, kana kwamba ziara inaanzia hapo, ilhali kwa maoni yangu sehemu bora huwa imekwisha kupita. Kijiji cha Geiranger ni kidogo, wakazi wake wa kudumu ni mia mbili na ushee, na maduka yake ya zawadi yanaweza kusubiri. Amka alfajiri, vaa koti zito, upande sitahani. Usitegemee roshani ya chumba chako, kwa maana itakuonyesha upande mmoja tu.

Fiodi hiyo ni hori jembamba lenye urefu wa kilomita 15 hivi, lililochongwa na barafuto, yaani mto wa barafu unaosonga polepole, kisha bahari ikaingia bondeni barafu ilipoyeyuka. Kuta za milima huendelea kushuka hadi chini sana ya maji, ndiyo maana meli kubwa huweza kupita karibu na miamba bila hofu ya kukwama. Mkiingia, kushoto mtaona maporomoko ya Dada Saba, yanayoanguka takriban mita 250. Kulia, yakiwakabili, ni maporomoko ya Mposaji, ambaye wenyeji husimulia kwamba alikataliwa na dada wote akaishia kwenye ulevi. Juni ni mwezi mzuri kwa sababu theluji ya juu inayeyuka. Kiangazi kikisonga, baadhi ya dada hukonda au kukauka.

Hata hivyo, kilichonishika mimi zaidi ni mashamba yaliyoachwa juu ya magenge. Skageflå liko upande wa kulia, na inasimuliwa kwamba wenyewe waliiondoa ngazi kila mtoza kodi alipokuja. Knivsflå, karibu na Dada Saba, lilihamwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa hofu ya mwamba uliokuwa ukining'inia juu ya nyumba. Hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1934, katika fiodi jirani ya Tafjord, sehemu ya mlima iliporomoka majini, na mawimbi yake yakaua watu 40. Leo mlima wa Åkerneset, wenye ufa unaozidi kupanuka, unafuatiliwa kwa vipimo usiku na mchana.

Wanao waliuliza pia kuhusu moshi wa meli. Eneo hili ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2005, na Norwei imeamua kwamba meli za abiria zinazoingia humo zisitoe hewa chafu, ingawa zile kubwa zimepewa muda hadi 2032. Muda huo, kwa mtazamo wangu, ni mrefu mno kwa bonde jembamba kiasi hicho.

Mkishateremka, kama basi ni la safari moja tu, chagueni Ørnesvingen, kona ya barabara yenye mahali pa kutazama fiodi kutoka juu, badala ya kilele cha Dalsnibba. Dalsnibba iko karibu mita 1,500 juu, na siku ya mawingu mtalipia ukungu.