Msiklik mara mbili faili za CSV, mnaharibu namba za wanachama

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na makarani wenzangu wa sacco huku West Nile, na wale wakubwa wa Kampala wanaotutumia faili kila mwisho wa mwezi. Kila mara nasikia "kompyuta imekula sifuri", "faili ina virusi", jamani faili haina shida. Shida ni mtu anaiklik mara mbili, Excel inafunguka na kujiamulia mambo bila kumuuliza.

CSV ni maandishi matupu, ifungue na Notepad uone mwenyewe: jina, koma, namba ya simu, koma, hela, basi. Hakuna palipoandikwa hii ni simu hii ni pesa, kwa hiyo programu inakisia. Ikiona 0772 na kuendelea inasema hiyo ni hesabu, sifuri ya mbele ya nini, inaitupa. Ukianza na 256 ndio balaa zaidi, tarakimu zinafika 12 na Excel inakuonyesha 2.56772E+11, namba kamili bado ipo kwa nyuma lakini ukisevu tena kama CSV inaandika kile inachoonyesha, ukija kufungua kesho wanachama wote wa 256772 wana namba moja, 256772000000, na kama hukuweka faili ya kwanza pembeni hakuna wa kukurudishia. Halafu ndio unataka kuwatumia pesa kwenye simu!

Hela nazo. Tunapenda kuandika 1,250,000 na koma zake, sasa programu iliyoambiwa koma ndiyo inatenga kolamu inakata hapohapo, mzee wa watu mwenye milioni na robo anaonekana ana shilingi moja na ile 250 inaingia kwenye kolamu ya mkopo. Dawa ipo, hata RFC 4180, waraka wa 2005 unaoeleza CSV iandikweje, inasema kitu chenye koma ndani kifungwe kwa alama za kunukuu, "1,250,000". Mimi nasema toeni koma kabisa, andikeni 1250000, faili si risiti.

Wanaofanya kazi na wenzetu wa Aru na Ariwara, upande wa Congo, wana la ziada. Kompyuta nyingi kule zimewekwa Kifaransa, koma kwao ni ya desimali, basi Excel yao inatenga kwa nukta mkato. Faili ikifika Arua yote inajazana kolamu moja, watu wanaanza kulaumu Wakongo, kumbe Excel inachukua alama ya kutenga kutoka kwa settingi za nchi kwenye Windows. Kuna wanaoandika sep=; mstari wa juu kabisa, Excel inaelewa, ila programu nyingine zinaisoma kama mwanachama, sasa huyo Sep tumlipe nini?

Na msidhani ni ushamba wetu. Wataalamu wa jeni nao mwaka 2020 walibadilisha majina ya jeni kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1, sababu Excel ilikuwa inaigeuza tarehe moja mwezi wa tatu.

Kwa hiyo fungua Excel tupu kwanza, nenda Data, halafu From Text/CSV, hapo chagua alama ya kutenga na uiambie isigundue aina ya data, hela utaigeuza kuwa namba baadaye. Mimi napenda LibreOffice, ina programu ya majedwali kama Excel, ni ya bure na inauliza yenyewe kabla ya kufungua: herufi zimehifadhiwa kwa mfumo gani, mara nyingi ni ule unaoitwa UTF-8 na ukikosea hapo majina yanaweza kuja na takataka, inatenga kwa nini, halafu chini unaona faili itakavyokaa. Klik kichwa cha kolamu ya simu, chagua Text, sifuri inabaki.

Ofisi zinazotutumia, tuandikieni mstari mmoja tu kwenye imeili: imetengwa kwa koma au nukta mkato, ni UTF-8 au sivyo, kolamu zipi zisomwe kama maandishi. Tumeshaomba kwa simu, tukaambiwa tupige picha ya skrini.

Karani wa sacco,
Arua