Karatasi ya HPV haisemi nani kachepuka

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mimi nauza mitumba hapa Memorial, Moshi, ndoa yangu ina miaka 16. Mwezi uliopita mama watoto karudi kliniki na karatasi imeandikwa HPV pozitivu, yaani kakutwa na kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, basi mimi akili ikaenda moja kwa moja kwenye mchepuko, na kumbe yeye ananiangalia mimi hivyohivyo! Siku tatu hatusemeshani, chai naletewa na mtoto, kaka yangu kashaanza kutafuta siku ya kikao cha ukoo.

Bahati yake akarudi kuuliza, nikamfuata, nesi mmoja mtu mzima akatukalisha wote. Akasema hicho kirusi unaweza kukipata ukiwa kijana kikajificha miaka na miaka, huna dalili na hata kipimo kinaweza kisikione, halafu kinga ikishuka kinaibuka. Kwahiyo karatasi inasema kipo tu, haisemi kimeingia lini wala kaleta nani. Nikamwambia basi na mimi nipimeni tujue mbivu na mbichi, akacheka, eti kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kukitafuta. Hapo nikanywea, maana kabla ya kuoa nilikaa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, miaka miwili na waliokuwa Mererani enzi hizo wananielewa.

Na wengi mwili unakimaliza wenyewe ndani ya mwaka au miwili. Kubaya ni zile aina za hatari, hasa 16 na 18, ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na hapo ni mpaka zing'ang'anie miaka mingi. Mke wangu wakampaka siki kwenye mlango wa kizazi kuangalia kama kuna dalili za saratani, hakuna kitu, kapewa tarehe ya kurudi.

Sasa kinachoniuma, ile karatasi alipewa dirishani kama risiti ya maji, hakuna hata neno moja. Jamani dakika tano tu za kuelezwa, na mume aitwe, ndoa ngapi zimeshavunjika hivi?

Halafu nina binti wa miaka 12, nilimkatalia chanjo ya HPV kwa maneno ya kijiweni eti wanafungwa kizazi, wakati huku kwetu Kilimanjaro ilijaribiwa tangu 2014, nchi nzima ikaanza 2018, na siku hizi ni sindano moja tu. Wiki ijayo nampeleka mwenyewe.

Kaka bado anapiga simu kuulizia kikao, sijajua namwambiaje.

Muuza mitumba, Moshi