Wanaokwenda Karthala wabebe maji

Ndugu Mhariri,

Vijana wa hapa Dodoma waliozoea Hanang (mita 3,420) wakisikia Karthala, mlima wa volkano wa kisiwa cha Ngazidja, Komoro, una mita 2,361, wanauona mlima mdogo. Tunawaomba wasiupime kwa kimo. Hanang unauanza ukiwa tayari juu uwandani. Karthala unapandwa kutoka vijiji vilivyo juu kidogo tu ya bahari, kama Mvouni, kwenye joto la unyevunyevu linalomaliza nguvu mapema.

Kubwa zaidi ni maji. Ngazidja haina mito ya kudumu. Mvua ikinyesha huzama papo hapo kwenye lava yenye matundu, ndiyo maana wenyeji huvuna maji ya paa kwenye matangi. Usitegemee kijito njiani: beba walau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi ukilala juu. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, umeshachelewa kunywa.

Raba za mjini ziacheni. Lava iliyoganda ina ncha kama vigae vya chupa. Soli laini hupasuka. Ondokeni alfajiri, kati ya Mei na Oktoba, maana ukungu ukishafunga huoni ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano. Na msiende bila mwongozaji mwenyeji.

Msishuke kwenye mashimo. Kabonidioksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, haina harufu. Mwaka 1903 gesi za mlima huu ziliua watu. Kichwa kikianza kuuma, pandeni juu haraka.

Wapanda milima,
Dodoma